Kidani cha Chumvi

Tia chumvi kwenye glasi ya maji ya moto, koroga, ongeza tena, mpaka ikatae kuyeyuka na ijikalie chini. Maji yameshiba: lita moja haibebi chumvi inayozidi sana gramu 360. Mimi nilining'iniza humo uzi wa pamba wenye mafundo kumi na mawili, nikaiacha glasi juu ya kabati. Baada ya wiki tatu kila fundo lilikuwa limevaa vijiwe vyenye kingo zilizonyooka kabisa. Nikavipeleka kwa sonara mmoja mzee. Alivitazama kwa lenzi yake muda mrefu, akauliza, "Mwanangu, nani amekukatia hivi?"

Hakuna aliyevikata. Maji yanapopungua, chembe za sodiamu na klorini hujipanga kwa zamu, hii na ile, kulia na kushoto, juu na chini, ndiyo maana kijiwe hutoka na umbo la mchemraba. Mwaka 1913 Waingereza wawili, William Henry Bragg na mwanawe Lawrence, waliusoma mpangilio huo kwa eksirei. Mwaka huohuo, kwa njia hiyohiyo, wakausoma wa almasi, na mwaka 1915 wakapewa Tuzo ya Nobel. Mbele ya mashine yao, kitu cha jikoni na kitu cha kabati la sonara vilikuwa sawa kwa nidhamu.

Tofauti iko kwenye mshiko. Katika almasi kila atomu ya kaboni imeshikana na wenzake wanne kwa kushirikiana elektroni, na maji hayana la kufanya. Chumvi imeshikwa na mvuto wa chaji chanya na hasi tu. Maji yakifika huzivuta chembe moja moja mpaka ukuta wote uishe. Kwa hiyo anayelipia almasi analipia uadimu na sifa, lakini analipia pia ukaidi: kitu kisichomhitaji mtu ili kidumu. Mimi naona chumvi inadai zaidi, kwa kuwa lazima ulindwe uzuri wake kila siku.

Mwaka 2014 msanii Sigalit Landau wa Israel alizamisha gauni jeusi ndani ya Bahari ya Chumvi, ambako maji yana chumvi karibu mara kumi ya bahari ya kawaida. Taratibu vijiwe vikang'ang'ania kila uzi, gauni la majonzi likageuka jeupe kama la bibi harusi, na picha zake zikaonyeshwa London mwaka 2016. Kabla ya hapo alishazamisha viatu na nyavu, hata seng'enge. Hiyo seng'enge ndiyo inayonigusa zaidi: waya wa kuchoma watu ukametameta kama mkufu, na miba yake ingali ndani.

Wahabeshi wa Ethiopia wangemwelewa. Kwa karne nyingi vipande vya chumvi vilivyochongwa jangwani Danakil, vinavyoitwa amole, vilibebwa kwa ngamia hadi nyanda za juu na kutumika kama fedha, mpaka karne ya 20. Kadiri kipande kilivyofika mbali ndivyo kilivyonunua zaidi. Chumvi ni ileile. Kilichoongezeka ni njia na jasho.

Kidani changu hakikufika mbali. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75, chumvi huanza kunywa maji hewani hadi iyeyuke. Chumvi ya mawe, yenye magnesiamu, huanza mapema zaidi, na ndiyo sababu tunatia punje za mchele kwenye kikopo. Masika ya pwani hupita kiwango hicho bila shida. Siku ya tatu ya mvua niliona tone chini ya kila fundo. Asubuhi iliyofuata ulibaki uzi uliolowa na dimbwi dogo kwenye kisahani.

Nilikiweka kisahani dirishani. Jua lilipotoka, siku mbili baadaye, pembeni mwake palikuwa na michemraba midogo kuliko punje ya mtama, ikimeremeta.