Majani ya Kivumbasi na Vidonda vya Tumbo: Maabara Hupima Nini?

Wagonjwa wengi wa vidonda vya tumbo hufika kliniki wakiwa wamekwisha kunywa maji ya majani fulani, na baadhi yao husema kwa yakini kwamba maumivu yalipungua. Kauli hiyo haistahili kubezwa, inastahili kupimwa.

Tuchukue kivumbasi, mmea wenye harufu kali ambao wengi huufahamu kwa kufukuzia mbu. Mwaka 2002 watafiti wa Kameruni waliripoti kwamba dondoo la majani yake liliwakinga panya wa maabara dhidi ya vidonda. Jaribio la namna hii huendeshwa hivi: panya hufungishwa, kisha kundi moja hupewa dondoo, la pili maji matupu, la tatu dawa inayofahamika. Baadaye wote hunyweshwa kitu kinachochubua tumbo, mathalani tindikali iliyochanganywa na kilevi, au hupewa indometasini. Hatimaye panya huuawa, matumbo hupasuliwa na ukubwa wa vidonda hupimwa. Inafaa mpimaji asijue panya yupi alikuwa kundi lipi, kwani jicho la mtafiti nalo huona linalotamani kuona.

Hata hivyo, kidonda hicho cha panya hutengenezwa kwa muda wa saa chache tu. Kwa binadamu visababishi vikuu ni viwili: dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, na bakteria Helicobacter pylori, ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kumgundua. Jani laweza kuongeza ute unaolinda tumbo, likatuliza maumivu, na bakteria akabaki palepale. Huyo ndiye pia anayechangia saratani ya tumbo.

Isitoshe, takriban theluthi moja ya vidonda vya duodeni hupona ndani ya wiki chache hata mgonjwa akimeza kidonge kisicho na dawa. Bila kundi la kulinganishwa, na bila kuchungulia tumbo kwa endoskopi kabla na baada ya tiba, jani lolote litaonekana kuwa dawa.

Kuna pia suala la kipimo. Eujenoli na kemikali nyingine za kivumbasi hubadilika kulingana na aina ya mmea, udongo na majira. Konzi mbili za majani huenda zikawa dozi mbili tofauti kabisa. Thailandi ilitufunza njia: kutoka majani ya mti uitwao plau-noi ilitengwa kemikali moja, plaunotoli, ikawa dawa ya vidonda iliyotumika Japani.

Kwa sasa, mweleze daktari wako majani unayotumia, wala usiache dozi ya antibayotiki kwa sababu maumivu yametulia. Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kipimo cha pumzi au cha choo cha kuthibitisha kwamba bakteria ametoweka hufanywa angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, na omeprazoli huachwa wiki 2 kabla ya kipimo.