Saratani ya Ovari: Tumbo Linapojaa Siku Nyingi Mno

Mwanamke aliyepimwa mlango wa kizazi na kuambiwa yuko salama hutoka kliniki akiwa ametua mzigo, na ana haki ya kufurahi. Lakini kipimo kile hakikuzigusa ovari, tezi mbili ndogo zinazotunza mayai ndani ya nyonga. Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, nayo pamoja na thamani yake kubwa haikingi saratani ya ovari.

Mwaka 2022 wanawake zaidi ya 320,000 duniani waligundulika na saratani hiyo, na zaidi ya 200,000 walifariki kwayo. Wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa tumboni.

Je, haiwezi kutafutwa mapema? Nchini Uingereza walijaribu. Kuanzia 2001 watafiti waliandikisha wanawake zaidi ya 200,000 waliokwisha kukoma hedhi. Baadhi wakawa wanapimwa kila mwaka, kwa damu au kwa ultrasaundi, wengine hawakupimwa. Majibu yalitolewa 2021: vipimo hivyo havikupunguza vifo. Ndiyo maana mwanamke asiye na dalili hapewi kipimo cha kawaida cha ovari, na ndiyo maana kuzijua dalili ni jambo zito.

Dalili hizo zimezoeleka, na hapo ndipo hatari ilipo. Tumbo hujaa kama lina gesi. Mtu hushiba kwa matonge machache. Tumbo la chini au nyonga huuma, na haja ndogo humbana kila mara. Anameza dawa za vidonda vya tumbo, kisha za UTI, miezi inakwenda. Mwaka 2007 daktari Barbara Goff wa Marekani na wenzake walipendekeza kigezo rahisi: dalili za namna hii zilizoanza ndani ya mwaka mmoja, na zinazojitokeza zaidi ya siku 12 kwa mwezi, zichunguzwe. Wengi watakutwa hawana saratani. Hata hivyo, anayeziandika siku hizo kwenye kalenda na kumuuliza daktari waziwazi kuhusu ovari zake anampa pa kuanzia.

Hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya hedhi kukoma, ingawa wasichana pia hupata aina zake. Ukoo nao una uzito. Mwigizaji Angelina Jolie, aliyempoteza mama yake kwa ugonjwa huu mwaka 2007, alipimwa akakutwa na hitilafu katika jeni ya BRCA1, inayoongeza hatari ya saratani hii. Mwaka 2015 akaondolewa ovari na mirija ya uzazi. Hitilafu hiyo hurithiwa kwa baba sawa na kwa mama. Kwa hiyo shangazi aliyeugua saratani ya matiti au ya ovari ni habari ya kumweleza daktari, hata kama upande wa mama wote ni wazima.

Kuzaa, kunyonyesha na kutumia vidonge vya uzazi wa mpango hupunguza hatari. Vidonge vina madhara yake pia, hivyo uamuzi wa kuvitumia ufanywe pamoja na mtaalamu wa afya.