Nani Ameshika Negativu?

Watu wa Chara na vijiji vya jirani yake, katika delta ile pana ambamo Mto Tana hujigawa kati ya Garsen na bahari, hawana haja ya kufunzwa na mtu namna maji yanavyoweza kuingia nyumbani bila ya hodi. Mto huo, ambao kwa urefu hauna mwenziwe katika Kenya, hukusanya mvua za Mlima Kenya na za safu ya Aberdare, hupita katika mabwawa ya umeme kuanzia Masinga hadi Kiambere, na mabwawa hayo yanapojaa humwaga ziada yake kuelekea bondeni. Hivyo huwapo siku ambazo mbingu ya Chara haina hata wingu, ilhali maji yaliyonyesha mbali yamo njiani yanakuja. Wazee huyakumbuka mafuriko ya 1961, kabla ya mabwawa hayo kujengwa. Walio wadogo kwao huyataja ya El Niño ya 1997 na 1998. Na vijana wameshuhudia ya 2018 na ya Novemba 2023. Siku ya mafuriko ikifika, hubebwa kwanza watoto na wazee, kisha nafaka, magodoro, masufuria na kuku, na albamu ya picha, kama haikuwekwa darini, husahauliwa mpaka maji yapungue. Fauka ya hayo, mwaka 2012, machafuko baina ya majirani yalipoteketeza nyumba katika vijiji kadhaa vya delta, moto ulikula kile ambacho mafuriko yalikisaza.

Zamani kupigwa picha kulikuwa safari. Mtu alivaa kanzu yake iliyopigwa pasi, au gauni la sikukuu, akaenda Malindi, Mombasa au Lamu, akasimama kimya mbele ya pazia lililochorwa bustani ambayo hajapata kuiona, na baada ya siku kadhaa akapokea kadi ndogo yenye muhuri wa studio mgongoni. Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, fundi aliyejifundisha mwenyewe, ambaye studio yake ilisifika kwa ustadi wa kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Na Unguja, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuirithi kazi hiyo. Jambo ambalo wateja wengi hawakulifikiri wakati ule ni kwamba waliondoka na kadi tu, na negativu, yaani ile filamu iliyonasa sura zao, ikabaki katika kabati la mpiga picha, na maadamu negativu ipo, picha iliyoliwa na mchwa au kuchukuliwa na mto iliweza kusafishwa upya. Basi aila ilikuwa na mweka amana ambaye haikumteua, wala haikumlipa ujira wa amana hiyo.

Mweka amana huyo leo hayupo. Picha hupigwa kwa simu kila siku, arusini, shambani, kivukoni, na kwenye maziko pia, na wingi wake umewafanya watu wadhani kuwa ziko salama, kana kwamba kitu kilicho kingi hakiwezi kupotea kwa siku moja. Lakini simu ni chombo dhaifu: huanguka majini mtumbwini, huibiwa sokoni Garsen, huuzwa mtu akihitaji fedha, na aghalabu hufa bila ya kuugua. Fundi simu hodari huweza kubadilisha kioo na betri, ila ubao wa ndani ukishaoza kwa maji ni nadra sana kumrudishia mwenyewe kilichokuwamo. Ile memori kadi ndogo, ambayo wengi huiona kuwa ni sanduku la chuma, nayo huchoka, huharibika kwa joto na unyevu, na zile za bei ya kutupa mara nyingi huandikwa ukubwa ambao hazina, zikajifanya kupokea picha ilhali hazikupokea kitu.

Wako watakaosema, "Picha zangu nimekwisha kuzituma katika kundi la jamaa la WhatsApp, zimo humo." Hapa ndipo penye kosa lililoenea kuliko yote, kwa sababu kutuma si kuhifadhi. WhatsApp, ili kuwapunguzia watu gharama ya bando, huibana picha kabla ya kuisafirisha, na ile iliyotoka katika kamera ikiwa kubwa na safi hufika kwa mpokeaji ikiwa imebaki sehemu ndogo tu ya ukubwa wake. Katika kioo cha simu tofauti haionekani. Jaribu kuikuza: ushungi wa bibi, uliokuwa na maua madogo pembeni, hugeuka vidoa, na mikunjo ya uso wake, ambayo ndiyo bibi mwenyewe, hulainika kama nta. Ukiichapisha kwa ukubwa wa kutundika ukutani utajuta. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kuituma picha kwa njia ya hati badala ya njia ya picha, au kuchagua ule ubora wa juu ulioongezwa mwaka 2023, ingawa huo nao haulingani kabisa na picha ya asili. Mitandao ya kijamii vilevile hupunguza, na wala haikutoa ahadi ya kudumu: mwaka 2019 watu wa Myspace, mtandao uliovuma Marekani na kwingineko kabla ya Facebook, walitangaziwa kuwa picha, video na nyimbo walizoziweka kwa miaka mingi zilipotea katika kuhamisha mitambo.

Hifadhi ya mtandaoni iliyokusudiwa kazi hiyo hasa ni bora zaidi, ila nayo ina masharti ambayo ni lazima mtu ayajue. Google humpa kila mtu gigabaiti 15 bure, zikigawanywa baina ya barua pepe, hati na picha, na tangu Juni 1, 2021 ule ukarimu wa kupokea picha bila ya kikomo ulikoma. Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili huweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Na uko mtego ambao umewaliza wengi: katika programu ya Google Photos, simu na hifadhi hufuatana, hata ukiifuta picha kwa nia ya kupata nafasi katika simu, hufutika pia kule ilikohifadhiwa, na baada ya kukaa siku 60 katika kapu la taka haipatikani tena. Anayetaka nafasi sharti atumie kile kitufe cha kupunguza mzigo wa simu, ambacho huondoa nakala ya simuni na kuiacha ile ya mtandaoni. Kwa mkaazi wa Chara, ambaye bando ni fedha ya unga, si lazima picha zipande kila saa. Zinaweza kusubiri siku atakayofika mjini penye intaneti ya bei nafuu, naye akaziteua zile mia za maana akaziacha elfu za mzaha.

Mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, alieneza kanuni ambayo mafundi wengi sasa huifuata: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mahali pengine mbali. Sioni kuwa kanuni hii ni ngeni kwa mkulima wa mpunga, ambaye haweki mbegu yote ya mwakani katika ghala lililo ukingoni mwa mto. Simu ni nakala ya kwanza, hifadhi ya mtandaoni ya pili, na ya tatu ni diski au flashi iliyo kwa ndugu aliyeko Malindi au Mombasa, mahali ambapo Tana ikifurika haifiki. Na picha zile chache ambazo aila haiwezi kuishi bila ya hizo, zichapishwe pia karatasini, maana karatasi haihitaji nywila wala betri.

Ama picha kongwe za karatasi zilizokwisha kulowa, zisitupwe upesi. Baada ya tsunami ya Machi 2011 katika Japani, watu wa kujitolea waliokota picha nyingi mno matopeni, wakaziosha moja moja na kuwatafuta wenyewe, na waliyoyafanya huko yanawezekana Chara. Picha zilizogandamana zisibanduliwe kwa nguvu, bali zilowekwe katika beseni la maji safi ya baridi hata ziachane zenyewe. Tope liondolewe kwa kutikisa maji, si kwa kusugua uso wa picha. Kisha zianikwe kivulini, uso juu, juu ya kitambaa safi, wala zisiwekwe juani, kwani jua huzikunja na kuzipasua. Kungojea kazi hii hadi asubuhi ya pili au ya tatu huwa ni kuchelewa, kwa kuwa ukungu huanza kazi yake. Zikikauka, zipigwe picha kwa simu, mlangoni penye mwanga wa kutosha, bila ya kutumia taa ya kamera.

Upande wa pili wa jambo hili ni sitara. Katika pwani yetu, kwenye kupamba, ambako wanawake huwa wenyewe kwa wenyewe na mapambo yao, aghalabu simu hupigwa marufuku, nami naona kuwa kina mama hao waliufahamu mtandao mapema kuliko wanasheria. Picha ikishatoka haina marejeo. Aliyeipokea huipeleka kwa mwingine, na yule kwa asiyejulikana. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya ruhusa ya wazazi. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 nayo humwadhibu anayesambaza picha za faragha za mtu. Lakini sheria ya data haiingii katika mambo yaliyo ya nyumbani peke yake. Shangazi akimtangaza mtoto wa nduguye akioga, huenda asiwepo kamishna wa kubisha mlango. Humo ndani, hukumu ni ya aila yenyewe. Tena picha ya asili mara nyingi hubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. WhatsApp huyaondoa hayo ikitumwa kama picha, lakini hubaki ikitumwa kama hati, kwa hiyo ile njia niliyoisifu hapo juu ni ya kutumiana jamaa wanaoaminiana, si ya kila mtu.

Liko jambo moja ambalo chombo chochote hakitalifanya kwa niaba yetu, nalo ni majina. Picha isiyo na jina, baada ya vizazi viwili, ni picha ya mgeni. Mjukuu na akae mkekani, aseme, "Shikamoo bibi, huyu aliyesimama nyuma ya babu ni nani?" na amwache bibi azungumze, simu ikirekodi, kwani jibu halitakuwa jina peke yake, litakuwa pia ukoo, kijiji kilichohamishwa na mto, na deni la ng'ombe ambalo halikulipwa. Kisha aandike majina, mahali na mwaka wa kukisia, kwa kalamu ya risasi nyuma ya kadi, au katika maelezo ya picha iliyomo simuni.

Wazee wakiisha kufariki, nywila zao hufariki nao. Google, tangu 2013, humruhusu mtu kuteua hadi watu kumi wa kupokea vilivyomo katika akaunti yake ikiwa haikutumika kwa muda auchaguao mwenyewe, na mpango huo huandaliwa kwa muda mfupi tu. Basi, msomaji wa Chara, na msomaji wa popote, kabla ya mvua za masika kuanza mwezi Machi, iite aila yako katika kikao kimoja, mumteue mmoja wenu kuwa mtunza picha, mumpe flashi na fedha ya bando, naye atoe hesabu ya kazi yake kila Idi au kila Krismasi mnapokutana.