Kwa Nini Perege Hugeuka Rangi?

Ganze si nchi ya samaki. Huku ni bara ya Kilifi, nchi ya mahindi na mbuzi, na mvua ikikosa hata maji ya kunywa huwa taabu. Lakini malambo yakishika maji baada ya masika, perege huzaana humo, na maji yakianza kupungua vijana huingia na nyavu. Hapo ndipo nilipoyasikia mabishano yaliyonifanya nishike kalamu. Samaki ni wa lambo moja na wavu mmoja, lakini baadhi yao ni wa kijivu na baadhi ni weusi wenye wekundu kifuani. Mchuuzi akawatenga wale weusi, akasema wana maradhi, akawatolea nusu ya bei. Mvuvi hakuwa na la kujibu, akapokea.

Nami nasema alidhulumiwa, kwani weusi ule si maradhi.

Perege ni wa ukoo mkubwa ambao wataalamu huuita siklidi. Maziwa yetu ya Nyasa, Tanganyika na Victoria yamejaa ukoo huu, kila moja kwa mamia ya aina. Wale wa samawati na manjano kutoka Nyasa na Tanganyika ndio wanaofugwa katika matangi ya vioo sebuleni mwa watu Ulaya na Marekani. Huyu wetu wa kukaangwa ni binamu yao, na desturi ya kugeuka rangi ni moja.

Msomaji wa pwani amewahi kumwona pweza akibadilika mwambani kufumba na kufumbua. Siklidi si mwepesi hivyo, lakini kazi yake inafanana. Ngozini mwake mna chembe zilizojaa vumbi jeusi. Vumbi hilo likitawanyika ndani ya chembe, samaki huwa mweusi. Likikusanyika katikati, hupauka. Mishipa ya fahamu huweza kuliamrisha kwa dakika chache tu, na homoni za mwili hufuata polepole. Wekundu na manjano ni habari nyingine, maana sehemu kubwa ya rangi hizo samaki hawezi kujitengenezea ila aipate katika chakula, kama vile miani na wadudu wa majini. Ndiyo sababu samaki mzuri akilishwa chakula duni hufifia.

Lakini amri yenyewe hutoka wapi? Aghalabu hutoka katika cheo. Yuko siklidi mdogo wa Ziwa Tanganyika ambaye madume yake machache tu hutawala. Hao hung'aa, na wengine wote hupauka kama majike. Mwaka 2005 Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walieleza kwamba wakimwondoa mtawala usiku, dume mnyonge alionapo pengo kukipambazuka huvaa rangi za utawala kwa dakika chache. Hakuna aliyemfundisha!

Perege dume naye, akiisha kupata mahali pake chini ya lambo, huchimba shimo kama sahani na kuiva rangi ili kuita majike. Jike hubaki na rangi yake ya kijivu, huyachukua mayai kinywani na kuyalea humo. Kwa hiyo wale weusi wenye wekundu waliotengwa ni madume yaliyo katika nguvu zao, na dume la perege hukua upesi kuliko jike. Ni kweli pia kwamba perege aliyepigwa na wenzake huweza kuwa mweusi kwa unyonge. Huyo mtazame jicho, nalo huwa limeingia giza.

Huko ng'ambo, kwa samaki wa mapambo, rangi ndiyo mali. Dume linalong'aa huuzwa ghali kuliko jike lake, hata kama ni tumbo moja. Basi wamezuka wauzaji wanaowalisha samaki homoni ya kiume ili hata majike na wachanga wavae rangi ya madume. Mnunuzi akifika nyumbani, baada ya majuma kadhaa rangi inamwondoka, na huenda samaki asizae sawasawa tena. Waislamu tunalijua jina la biashara hiyo: ni ghishi. Hata bila ghishi, samaki aliyetolewa majini na kutiwa mfukoni hupauka kwa hofu, kwa hiyo muuzaji mwaminifu naye huonekana mwongo.

Na rangi hizo zina thamani nyingine isiyopimwa kwa fedha. Katika Ziwa Victoria jike humchagua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yalipochafuka, majike hayakuweza tena kupambanua, aina zikachanganyika na rangi zikafifia. Wataalamu walilieleza jambo hilo mwaka 1997. Hapo sangara alikwisha kula sehemu yake, na tangu miaka ya 1980 aina nyingi za samaki wadogo hazijaonekana tena.

Turudi lamboni Ganze. Anayeuza samaki wa kuliwa asikubali kutengewa kwa rangi. Na amfunulie mchuuzi mashavu: yakiwa mekundu mabichi, na jicho limejaa halikudidimia, samaki ni mzima. Kisha watiwe wote katika mizani moja, weusi na wa kijivu, walipwe kwa kilo.