Mbuzi na kuku banda moja: faida ya mchana, hasara ya usiku

MNUNUZI wa mbuzi akifika Moa, pwani ya Wilaya ya Mkinga mkoani Tanga, hufungua mdomo wa mnyama kutazama meno, hushika mgongo kupima nyama, kisha huanza kuvutana bei. Wachache sana huomba kuonyeshwa banda. Wiki hii safu yetu inamshauri mnunuzi aombe, na inamshauri mwenye mtaji aliyeweka mbuzi wake kijijini afanye hivyo mapema zaidi, maana sehemu kubwa ya bei anayoitarajia hutengenezwa au huharibiwa ndani ya kibanda hicho, usiku, wakati yeye amelala.

Mtindo wenyewe unafahamika na kila mtu. Kibanda kimoja cha fito na udongo, paa la makuti, mlango mmoja na kufuli moja. Mbuzi watano au sita chini, kuku kumi na tano au ishirini juu ya boriti. Asubuhi wote wanafunguliwa, jioni wote wanafungiwa. Sababu zake si za kijinga. Mwizi anahitaji kushindwa na mlango mmoja badala ya miwili. Kicheche na chatu nao ni hivyo hivyo. Na mahali ambapo kila bati, kila mbao na kila msumari vinanunuliwa kwa fedha ya samaki au ya nazi, kujenga mabanda mawili kwa ajili ya wanyama ishirini na ushee huonekana ni anasa.

Mchana ushirika huu una faida ya kweli. Kuku huwafuata mbuzi, huchakura kinyesi wakitafuta wadudu, na huwadonoa kupe waliojaa mwilini. Hili si hadithi za vijijini tu. Mwaka 1991 watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walichapisha matokeo ya kupasua matumbo ya kuku waliochungwa pamoja na mifugo, wakakuta makumi ya kupe. Kwa pwani yetu yenye joto na unyevu, ambako kupe hawana likizo, huo ni msaada usiolipiwa mshahara. Lakini, msomaji, zingatia kwamba kazi hiyo hufanyika uani na machungani. Jua likizama kuku haoni, hali, wala hadonoi. Anachofanya usiku kucha ni kunya, na kama yuko juu ya boriti, ananya juu ya mgongo wa mbuzi, ndani ya hori na ndani ya ndoo ya maji.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kugeuka.

Hasara kubwa kuliko zote inatokana na gunia, si na kinyesi. Mfugaji anayewalisha kuku paraza, pumba au chakula cha dukani hupenda kulihifadhi gunia humo humo bandani, karibu na wanaolila. Mbuzi ni mwizi hodari kuliko kicheche. Akilitoboa usiku na kula nafaka nyingi kwa mara moja, tumbo lake, lililoumbwa kwa majani, hugeuka kiwanda cha asidi. Vijidudu vinavyosaga majani hufa, tumbo huvimba, mnyama huhara, hulegea na kulala, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Tena atakayekufa ni yule mwenye nguvu aliyewasukuma wenzake pembeni, yaani beberu uliyekuwa unamtunzia Idi. Debe moja la paraza limekula mbuzi mzima. Hakuna biashara inayostahimili kubadilishana kwa namna hiyo.

Kuhusu magonjwa, kuna woga usio na sababu na kuna uzembe usio na udhuru. Wengi wakiona kuku anahara damu hukimbilia kuwanywesha mbuzi dawa, wakidhani ni ugonjwa ule ule uliowaharisha ndama wa mbuzi mwezi uliopita. Jina la kitaalamu ni moja, koksidia, lakini vijidudu ni tofauti: vya kuku havimwingii mbuzi na vya mbuzi havimwingii kuku. Kinachofanana ni mazingira tu. Sakafu yenye unyevu na kinyesi kilichorundikana huwafaa wote wawili kwa pamoja. Kwa hiyo fedha ya dawa isitumike kumtibu mnyama ambaye haumwi. Itumike kukausha sakafu. Vivyo hivyo kideri, ambacho wengine hukiita mdondo: huua kuku, hakiui mbuzi. Na sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa hapa nchini mwaka 2008, haina habari na kuku.

Uzembe ni kwenye yale yanayovuka. Salmonela haichagui, huishi kwenye kinyesi cha kuku na mbuzi huipata kupitia maji na chakula kilichochafuliwa. Mbuzi anayenyonyesha akilala juu ya kinyesi kibichi cha kuku, kiwele chake kinaweza kuingiwa na uchafu na kuvimba, na ndama wake hudumaa kwa kukosa maziwa. Viroboto na utitiri wa kuku hujificha kwenye nyufa za udongo na vifundo vya fito, hutoka usiku, na wakizidi humsumbua kila mwenye damu aliye jirani. Siku ya kuzaa ndiyo mbaya zaidi: kuku hudonoa kondo la nyuma na hata kitovu kibichi cha ndama aliyezaliwa. Mbuzi naye hana upole. Vifaranga hukanyagwa, na mayai yaliyotagwa ndani ya hori hayafiki asubuhi.

Yote hayo huzidi wakati wa masika. Mkojo wa mbuzi na kinyesi cha kuku vikichanganyika na unyevu hutoa amonia, ile hewa kali inayowasha macho ukifungua mlango alfajiri. Kama inakuwasha wewe uliyesimama mlangoni kwa dakika moja, fikiria mapafu ya aliyeivuta kwa saa kumi na mbili. Kikohozi, makamasi na macho yenye tongotongo vinavyoonekana sokoni mara nyingi vimeanzia hapo, na mnunuzi makini huviona kabla hujamaliza kumsalimia.

Kwa nini jambo hili liwahusu wenye mtaji mdogo hivi sasa? Kwa sababu ya kalenda. Idi el Haji ya mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa mwezi wa Juni, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kama 11. Maana yake ni kwamba kwa miaka kadhaa kuanzia hapo, soko bora la mabeberu la mwaka mzima linakuja ama mwishoni mwa masika ama katikati yake. Wiki zile ambazo mbuzi anatakiwa kunawiri kwa ajili ya kuuzwa ndizo wiki ambazo banda lake ni chafu na lowevu kuliko wakati wowote.

Na soko la udhiya halisamehe. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, mbuzi wa kuchinja awe ametimiza miaka miwili, tena asiwe kilema, kipofu, mgonjwa wa wazi wala aliyekonda kupita kiasi. Mwenye upele uliomtapakaa hukataliwa vilevile. Huyo huyo akikataliwa hupelekwa bucha kwa bei ya kilo. Miaka miwili ni usiku kama 730 ndani ya banda, na tofauti kati ya bei ya udhiya na bei ya bucha ndiyo faida yote aliyokuwa akiitazamia aliyemnunua akiwa ndama. Mnunuzi wa akika hana haraka ya tarehe, lakini naye hutazama macho na ngozi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wataalamu wa mifugo hawaliandiki sana kwa sababu si la dawa: banda moja mara nyingi lina wenye mali watatu. Tuchukue mfano. Mbuzi wanne kati ya sita ni wa mkazi wa Tanga mjini aliyemwachia shemeji yake awatunze, kwa makubaliano ya kugawana wazao. Wawili ni wa shemeji mwenyewe. Kuku wote ishirini ni wa mama mwenye nyumba, na ndio wanaonunua sabuni, chumvi na madaftari. Paraza ni ya kuku, kwa hiyo ni ya mama. Mbuzi wa mjini akiila na kufa, nani amemtia nani hasara? Mwenye mbuzi atadai gunia liliachwa wazi. Mama atajibu, na ana haki, kwamba mbuzi ndiye mwizi na gunia ni lake. Tunashauri makubaliano ya kuwekesha mbuzi yataje banda kwa maneno, yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari, na mwenye mbuzi wengi achangie ukuta wa kutenga. Ukuta huo ni bei ndogo kuliko ugomvi wa shemeji.

Kutenga si lazima kuwe na mabanda mawili. Kufuli iwe moja, paa liwe moja, vyumba viwe viwili. Kwa mbuzi wetu wadogo wa kienyeji, kadiria mita moja na nusu ya mraba kwa kila mmoja. Kwa kuku wa kienyeji, watano kwa mita ya mraba moja. Mbuzi sita wanahitaji mita 9, kuku ishirini mita 4. Banda la upana wa mita 3 na urefu wa mita 4.5 linatosha: weka ukuta wa kutenga penye mita 3, mbuzi wabaki na mita 9 za mraba na kuku wapate 4.5.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi. Kusi na kaskazi hupuliza kufuata pwani, hivyo upepo utapita ndani ya kila chumba peke yake kutoka upande mmoja mpana hadi wa pili, bila kubeba hewa ya kuku kuipeleka kwa mbuzi. Jua kali la asubuhi na la jioni nalo litapiga ncha fupi tu. Upande wa kusini uteremshe makuti zaidi, kwa kuwa mvua ya masika husukumwa na upepo wa huko.

Ukuta wa kutenga uende kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Chini, hadi mita moja na nusu, tumia mbao au fito zilizobanana, maana mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma hufika mbali. Juu yake wavu mkuukuu wa uvuvi unafaa na haushiki kutu kama waya, ambao kwa upepo wetu wa chumvi haudumu. Usiuteremshe wavu chini, pembe zitanasa. Mbao za mnazi zinatosha kabisa. Boriti za mikoko ni imara, lakini mikoko yote nchini ni msitu wa hifadhi na kuikata bila kibali ni kosa. Usianze ufugaji kwa faini. Mwenye uwezo ainue sakafu ya mbuzi kwa mbao zenye nafasi ya sentimita moja na nusu, kinyesi kidondoke. Ila asishawishike kuwaweka kuku chini ya sakafu hiyo eti kuokoa eneo: atakuwa ameligeuza tatizo juu chini, si kuliondoa. Nyufa zipakwe chokaa, na gunia la paraza likae ndani ya nyumba ya watu.

Kuku nao wana gharama yao ambayo haiepukiki kwa ukuta. Kideri kikiingia kwenye kundi lisilochanjwa kinaweza kuondoka na karibu kundi zima. Chanjo ya tone la jicho aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko zile za zamani, hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikifunguliwa haihifadhiki kwa muda mrefu. Kwa hiyo mnunue chupa moja mtaa mzima na mchanje siku moja. Gharama ya kila kuku inakuwa ndogo mno hata haifai kubishaniwa.

Neno kwa wanaotazama soko la ng'ambo ya Horohoro. Moa iko karibu na mpaka, na kishawishi cha kupitisha mifugo kwa njia za panya ni kikubwa, kwenda na kurudi. Oktoba 2017 vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kinyume cha taratibu viliteketezwa kwa moto Namanga, na mtaji wa mwenyewe uliishia hapo hapo. Kibali cha kusafirisha hutolewa baada ya ofisa mifugo kuridhika na afya ya wanyama, na mbuzi mwenye makamasi na macho mekundu hampi mtu urahisi wa kusaini.

Anayetaka kuuza Idi ijayo ahesabu kurudi nyuma: ukuta na paa viwe tayari kabla ya Machi, mvua zinapoanza, na kuku wawe wamechanjwa kabla ya hapo.