Kitambi Hakiondoki kwa Kukunja Tumbo Pekee

Mafuta ya tumboni hukaa chini ya ngozi na pia ndani zaidi, yakizunguka ini na utumbo. Haya ya ndani ndiyo hatari, kwani huchangia kisukari na magonjwa ya moyo. Mazoezi ya kukunja tumbo hukaza misuli tu. Hayachagui mafuta ya kuyeyusha. Kitambi hupungua mwili mzima unapopungua, na kazi kubwa iko jikoni. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na chapati huyanywa bila huruma. Ugali upunguzwe, mchicha na maharage viongezwe, soda iachwe. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha.