Uzi: Wahafidhina wa Marekani wanataka amani gani Ukraine?

Tarehe 20 Aprili 2024, Bunge la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura kuhusu msaada wa karibu dola bilioni 61 kwa ajili ya Ukraine. Ukitazama chama cha kihafidhina peke yake, wabunge 101 walisema ndiyo na 112 wakasema la. Chama kimoja, watu wanaochukia kodi zile zile na kusali makanisa yale yale, na bado walipasuka katikati.

Naanzia hapo kwa sababu kila mazungumzo ya amani yakitajwa, naona Wakenya wakiandika ati "wahafidhina wanataka vita viishe" ama "wahafidhina wameiuza Ukraine", kana kwamba ni mtu mmoja anaongea. Si mmoja. Usipoliona hilo, utabeba ugomvi wa watu wa ndani kwao ukidhani ni msimamo kuhusu vita. Kama kawaida ya nyuzi zangu, sitaji mwanasiasa wala chama. Shika chai, ni mrefu kidogo.

Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sasa hawa jamaa waliumwa na nyoka tofauti, ndio maana wakiangalia kamba moja kila mtu anaruka upande wake.

Kundi la kwanza liliumwa Iraq. Mwaka 2003 ni rais wao wenyewe, mhafidhina, aliyepeleka jeshi huko. Silaha za maangamizi zilizotangazwa hazikupatikana, na wanajeshi zaidi ya 4,400 wa Marekani wakapoteza maisha. Afghanistan ikala wengine zaidi ya 2,400 katika miaka 20. Mashambani na miji midogo walizika vijana wengi kupita idadi yao katika nchi, na huko ndiko ngome ya kihafidhina iliko. Mtu wa huko akisikia mtaalamu wa televisheni akisema kwamba uhuru wa dunia nzima uko hatarini Ukraine, anasikia ile sauti ya 2003. Wengi wao hawaipendi Moscow hata kidogo. Wanachosema ni kwamba wale wale waliotupoteza Iraq ndio leo wanajifanya kutuonyesha njia. Kwa huyu, mazungumzo ya amani yafanyike jana, na masharti yake ni shauri la Wazungu wa Ulaya.

Kundi la pili lina nyoka mzee zaidi: Munich, Septemba 1938. Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani zilikaa mezani zikaigawa Czechoslovakia, na wenye nchi hawakupewa kiti. Wakaambiwa hiyo ni amani. Machi 1939 wanajeshi wa Ujerumani walikuwa Prague. Tangu hapo, na kwa miaka yote ya Vita Baridi, huyu mhafidhina amelelewa akijua kwamba mbabe ukimpa kipande cha shamba, atarudi na kamba ya kupimia kile kilichobaki. Anaamini amani huja ukiwa umeshika rungu. Ukimwambia mambo ya gharama, atakujibu kwamba sehemu kubwa ya pesa hizo hazitoki Marekani. Zinalipa viwanda vya nyumbani, kama kile cha Scranton, Pennsylvania, kinachotengeneza makombora ya mizinga. Kwake yeye, mazungumzo ni sawa, lakini baada ya Urusi kuumia vya kutosha.

La tatu nalipitia haraka. Hawa wanahesabu tu. Wanaona mshindani wa kweli wa Marekani ni China, na kila kombora lililokwenda Kyiv ni kombora ambalo halipo Asia. Wanataka Ulaya ijilipie ulinzi wake, na kwa kiasi fulani wamefaulu: Juni 2025, wanachama wa NATO walikubaliana kufikisha matumizi ya ulinzi asilimia 5 ya pato la taifa kufikia 2035. Hawa hawabishani sana kuhusu nani ana haki.

Halafu kuna wale wa kanisa, na hawa Wakenya tunawasikia sana kwa sababu wahubiri wetu wanawafuata. Upande mmoja unaiona Urusi kama mlinzi wa maadili ya Kikristo, na unataja sheria ya Ukraine ya Agosti 2024 iliyofungua njia ya kupiga marufuku makanisa yenye uhusiano na Moscow. Upande wa pili unajibu kwamba Wabaptisti na makanisa mengine ya kiinjili katika maeneo yaliyotekwa na Urusi yamefungwa na viongozi wao kuandamwa. Zote mbili ni habari za kweli. Mhubiri akikupa moja tu, ujue amechagua.

Sasa tuingie siasa za nyumbani kwao, maana hapo ndipo pesa zilipokwama.

Mwishoni mwa 2023, wahafidhina katika Seneti walisema hawatapitisha pesa za Ukraine mpaka mpaka wa Marekani na Mexico ulindwe kwanza. Hoja yenyewe ina mashiko kwa mpiga kura: unalindaje mpaka wa mtu mwingine na wako uko wazi? Basi maseneta wa pande zote wakaketi miezi kadhaa wakaandika mswada mmoja wenye vyote viwili, mpaka na Ukraine. Februari 2024 ukaletwa, na wahafidhina wengi walewale wakauangusha. Kwa nini? Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na tatizo la mpaka lilikuwa na faida zaidi jukwaani likiwa halijatatuliwa. Wiki hiyo hiyo walipiga hesabu za kura, na huko mstari wa mbele wanajeshi wa Ukraine walikuwa wakihesabu makombora yaliyobaki. Pesa zilipopita ile Aprili, zilipita bila ile sehemu ya mpaka, na Spika aliyeruhusu kura hiyo alijaribiwa kung'olewa na mbunge wa upande wake mwenyewe. Alinusurika.

Mkenya haihitaji kufafanuliwa sana hii. Sisi tunajua mchujo. Kwenye ngome ya chama, uchaguzi mkuu ni sherehe tu. Vita vyenyewe ni mchujo, na mchujo hupigiwa kura na wale wenye hasira zaidi. Mbunge wa Marekani aliye katika eneo salama la kihafidhina haogopi mpinzani wa chama kingine. Anaogopa kijana wa chama chake atakayesimama mwakani na kumwambia mpiga kura, "Huyu aliipa Ukraine mabilioni na barabara yetu bado ina mashimo." Kwa hiyo unaposikia kauli kali juu ya mazungumzo ya amani, angalia kalenda ya mchujo kabla ya kuangalia ramani ya Donbas.

Kuwa mkweli pia: upande wa pili wa siasa zao nao ulikuwa na lake. Kwa karibu miaka mitatu ulisema utaisaidia Ukraine kwa muda wote utakaohitajika, bila kumwambia mlipa kodi ushindi unafanana na nini. Walitoa silaha kwa vipimo, zikifika zimechelewa. Mhafidhina aliyeuliza "tunaelekea wapi?" hakuwa na kosa kuuliza.

Haya, mezani kuna nini hasa? Ukiondoa kelele, ni mambo matatu: ardhi, NATO, na nani atahakikisha mkataba haukanyagwi.

Ardhi kila mtu anaizungumzia. Urusi inashikilia takriban sehemu moja kwa tano ya Ukraine, ikiwemo Crimea iliyoichukua 2014. Ule mpango wa vipengele 28 uliotoka Washington Novemba 2025 uliitaka Ukraine iondoke hata katika sehemu ya Donetsk ambayo Urusi ilikuwa haijaiteka, ibaki nje ya NATO, na jeshi lake lisizidi watu 600,000. Kundi la Iraq likasema hiyo ni bei ya kusimamisha mauaji. Kundi la Munich, maseneta wahafidhina wakiwemo, likasema huku ni kumpa mshambulizi asichoweza kushinda kwa bunduki.

Lakini mimi naona jambo la tatu ndilo zito, na ndilo linalotajwa kidogo kabisa. Ukraine imewahi kupewa karatasi. Desemba 1994 pale Budapest ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika. Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Karatasi hiyo haikusema nani atakuja na nini ahadi ikivunjwa. Ikafuata mikataba ya Minsk, Septemba 2014 na Februari 2015. Mapigano yalipungua lakini hayakuisha, na Februari 2022 vifaru vikaingia.

Wahafidhina wana mifano miwili katika historia yao wenyewe, na wanaitumia kulingana na wanachotaka kuuza. Wa kwanza ni Korea. Rais wa kihafidhina aliingia madarakani 1953 akiwa ameahidi kumaliza vita, na tarehe 27 Julai mwaka huo mapigano yakasimamishwa. Hakuna mkataba wa amani uliotiwa saini mpaka leo, mpaka uko palepale ambapo majeshi yalisimama, na Korea Kusini imeishi na kutajirika. Mfano mtamu. Kinachorukwa ni kwamba wanajeshi wa Marekani wapatao 28,500 bado wako huko. Hiyo ndiyo karatasi yenyewe.

Mfano wa pili hawaupendi. Doha, Februari 2020: serikali ya kihafidhina ilitia saini na Taliban, na serikali ya Afghanistan haikuwemo katika makubaliano hayo. Agosti 2021, chini ya rais wa chama kingine, Kabul ilianguka. Kila upande humtupia mwenzake lawama, lakini Mwafghani hakuulizwa na yeyote.

Kwa hiyo mtu akikuambia "tufanye kama Korea", muulize wale 28,500 watatoka wapi. Kundi la kwanza haliwezi kujibu, maana wapiga kura wao hawataki mwanajeshi hata mmoja wa Marekani Ukraine. Ndiyo sababu unaona kazi hiyo ikisukumiwa Ulaya, na Urusi ikisema haitakubali majeshi ya NATO huko. Mazungumzo yanakwama hapo mara kwa mara, hata siku ambazo magazeti yanaandika ardhi tu.

Na Ulaya yenyewe wahafidhina hawafanani. Wa Poland wanaijua Urusi kama jirani aliyewahi kukaa sebuleni kwao. Walifungua mipaka kwa mamilioni ya wakimbizi na kutoa vifaru. Ila nafaka ya bei rahisi ya Ukraine ilipofurika 2023, serikali hiyo hiyo ya kihafidhina iliifungia ili kuokoa wakulima wake mwaka wa uchaguzi. Wenzao wa Hungary wakawa wanapinga misaada na vikwazo. Nyumbani kwanza, kila mtu na nyumba yake.

Sasa sisi. Kuna watu watasema haya yanatuhusu nini. Uliza mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia 2022, gunia la mbolea la kilo 50 likipita shilingi 6,000 mpaka serikali ikaweka ruzuku.

Ila kuna lingine lililo letu kabisa. Februari 2022, siku chache kabla ya uvamizi, balozi wetu Umoja wa Mataifa alisema Afrika ilikubali kuishi na mipaka iliyochorwa na wakoloni, si kwa sababu ilikuwa mizuri, bali kwa sababu kuifukuzia mipaka ya damu na kabila kungetuacha vitani hadi leo. Ukiitazama vizuri, hiyo ni hoja ya kihafidhina hasa: linda kilichopo, usibomoe nyumba kwa sababu ya ndoto ya zamani. Na tuna haki ya kuisema maana tuliilipia. Vita vya Shifta kaskazini vilianza 1963, vikatulizwa na makubaliano ya Arusha ya 1967 yaliyosimamiwa na rais wa Zambia. Mpaka ulibaki. Watu wa kaskazini, ambao wengi wao walikuwa wameiambia tume ya mkoloni mwaka 1962 kwamba wangependa kwenda Somalia, walikaa chini ya sheria za hali ya hatari kwa miaka mingi sana baada ya hapo. Sisemi kanuni hiyo haina machungu. Nasema tunaijua bei yake, na Mkenya anayeandika kwamba nchi kubwa ina haki ya kumega jirani kwa sababu ya lugha moja, asome habari za Garissa na Wajir kwanza.

Mwisho, vijana. Mwaka 2025 serikali yetu ilisema Wakenya wapatao 200 huenda wamesajiliwa upande wa Urusi, wengine wakiwa wameahidiwa kazi za kawaida. Angalau mmoja alikuwa ametekwa na Ukraine. Ule mpango wa vipengele 28 ulisema wafungwa wote wabadilishwe, wote kwa wote. Mwanasiasa wetu akija kukuambia yuko upande gani wa vita hivi, muulize kama katika hao "wote" wamo wa kwetu, na kama wakibadilishwa wanarudishwa Nairobi ama wanarudishwa Moscow.